Bahasha Tatu za Nguzo za Taa: Gari Halisi, Pendula au Kompyuta?

Tuseme umewekwa kwenye kamati ya kuchagua nguzo za taa za kipande cha barabara kitokacho Malindi mjini kwenda daraja la Sabaki, pale ambapo nyumba zinapungua, magari yanaongeza mwendo na upepo wa kusi unavuma moja kwa moja kutoka baharini. Mezani kuna bahasha tatu. Kila muuzaji anadai kwamba nguzo yake hukatika kitakoni inapogongwa, ikaliachia gari lipite badala ya kulipasua katikati, na kila mmoja ameambatisha ushahidi wake. Wa kwanza ameleta ripoti ya gari halisi lililogongeshwa. Wa pili ameleta ripoti ya pendula, yaani pande zito la chuma linalobembea na kuigonga nguzo. Wa tatu ameleta video iliyotengenezwa kwa kompyuta, yenye rangi za kupendeza, ambamo bolti zinakatika moja baada ya nyingine, nguzo inaruka juu ya paa la gari na kutua nyuma yake. Bei ya huyu wa tatu ndiyo ya chini kabisa, na haishangazi, kwa kuwa hakulipia gari hata moja la kuvunja.

Ninachokilinganisha hapa ni ushahidi huo wenyewe, kwa sababu wanunuzi wengi huzama katika urefu wa nguzo, mwanga wa taa na miaka ya dhamana, na swali la jinsi nguzo ilivyojaribiwa wakaliachia muhuri ulio chini ya karatasi.

Mwendo mdogo ndio mtihani mgumu

Mwongozo wa majaribio haya ya kugonga unaotumika Marekani huitwa MASH. Ulitolewa na AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo, mwaka 2009, ukarekebishwa mwaka 2016, na ulichukua nafasi ya ripoti namba 350 ya mwaka 1993 ya NCHRP, mpango wa utafiti wa barabara kuu wa huko Marekani. Kwa nguzo zinazokatika zitakazosimama kwenye barabara za mwendo mkubwa, unataka majaribio matatu: gari dogo la kilo 1100 kwa kilomita 30 kwa saa, gari hilohilo kwa kilomita 100 kwa saa, na pikapu ya kilo 2270 kwa kilomita 100 kwa saa. Ulaya wana kiwango chao, EN 12767, kinachotumia gari la kilo 900, kwanza kwa kilomita 35 kwa saa na kisha kwa kilomita 50, 70 au 100, kulingana na daraja ambalo mtengenezaji analiomba.

Asiyezoea mambo haya huuliza kwa nini watu wajisumbue na mwendo wa kilomita 30, ambao hata tuktuk huufikia bila shida. Jibu limo katika hesabu. Gari la kilo 1100 likienda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya takriban kilojuli 424, lakini kwa kilomita 30 hubeba kilojuli 38 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi na moja. Mwongozo huo hupima pia kasi ambayo mwili wa abiria ungegonga ndani ya gari baada ya kusogea mbele sentimita 60, na kikomo chake kwa nguzo za aina hii ni mita 4.9 kwa sekunde, ingawa kinachopendekezwa ni mita 3. Tukichukulia kuwa kasi hiyo inakaribiana na kasi inayopotezwa na gari lenyewe, basi katika mwendo mdogo kitako cha nguzo hakiruhusiwi kula zaidi ya kilojuli 32 hivi kabla ya kuachia. Katika mwendo mkubwa, kupoteza mita hizohizo 4.9 kwa sekunde kunaruhusu zaidi ya kilojuli 136. Kitako kigumu kupita kiasi kinaweza kufaulu vizuri kabisa mbele ya gari linalokimbia, kisha kikamuumiza dereva aliyekuwa akijiendea polepole.

Mwendo mkubwa nao una hatari yake, ambayo ni ya namna nyingine. Kitako hukatika upesi, lakini nguzo ni nzito na haiwezi kufuata kasi ya gari papo hapo, kwa hiyo sehemu ya chini husukumwa mbele, nguzo nzima hupinduka hewani, na kilele chenye taa kikashuka juu ya paa au kioo cha mbele. Ndiyo sababu uzito wa nguzo hizi huwekewa ukomo wa takriban kilo 450. Kisha kuna kisiki kinachobaki ardhini, ambacho hakitakiwi kuzidi milimita 100, ili kisije kikalikwamisha gari kwa chini.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kila bahasha ni moja: je, ushahidi huu unahusu miendo yote miwili?

Bahasha ya kwanza: gari halisi

Hakuna kinachoweza kuchukua nafasi ya gari halisi katika jambo moja, nalo ni kwamba gari halijui lililokusudiwa na mhandisi. Kama fundi alichomelea mshono kwa haraka, mshono huo utaonekana. Kama nyaya za umeme ndani ya nguzo hazikuwekewa kiungo cha kuachana, zitaivuta nguzo na kubadili namna inavyoanguka. Bampa hupinda inavyopinda, msingi husogea unavyosogea, na kamera za kasi hunasa yote. Ndivyo ilivyo kwa jahazi linaloundwa Matondoni, kijiji cha Lamu, pia, maana hakuna anayelimaliza kulijua likiwa bado juu ya magogo.

Udhaifu wake ni kwamba jaribio la namna hii ni ghali, hivyo hufanywa mara chache sana, mara nyingi mara moja tu kwa kila sharti. Linajibu swali moja: nguzo hii mpya, yenye bolti mpya zilizokazwa kwa kipimo, katika udongo ulioandaliwa, ikigongwa kwa pembe hii, ilifanya nini siku ile? Halijibu ingefanya nini baada ya miaka minane ya chumvi.

Ripoti ya gari halisi isomwe kwa jicho la mwenye duka anayehesabu noti. Linganisha michoro iliyo kwenye ripoti na ile ya nguzo unayouziwa, kwani si ajabu nguzo iliyojaribiwa ikawa ya mita 9 yenye mkono mmoja, na inayouzwa ikawa ya mita 12 yenye mikono miwili na betri ya sola iliyofungwa juu. Betri hiyo hubadilisha kila kitu. Uzito uliopandishwa kileleni huongeza ukaidi wa nguzo dhidi ya kupinduka na huifanya ishuke kwa namna nyingine kabisa, hivyo ripoti ya nguzo isiyo na betri haiwezi kuisemea nguzo yenye betri. Nguzo za sola zimeenea sana Pwani, kwa hiyo hoja hii pekee inaweza kuiondoa bahasha nzuri mezani.

Bahasha ya pili: pendula

Pendula ni pande zito la chuma lililoning'inizwa kwa kebo, huvutwa nyuma likapanda juu, kisha likaachiwa. Mbele yake huwekwa pua ya sega la alumini iliyopangwa kwa hatua, laini kwanza kisha ngumu, ili ibonyee kama pua ya gari dogo inavyobonyea. Maabara ya utawala wa barabara kuu wa Marekani iliyoko McLean, Virginia, imetumia kifaa cha namna hii kwa miaka mingi.

Uzuri wake ni kurudia. Pande halichoki na pua hubadilishwa, na aina moja ya kitako inaweza kujaribiwa mara nyingi kwa gharama ya gari moja, hata ukaona kama vitako kumi vya kundi moja vinakatika kwa nguvu inayofanana. Kwa vitako vya kusubu, yaani vya metali iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hilo ni jambo kubwa, kama nitakavyoeleza.

Mipaka yake inatokana na urefu wa mnara. Ili pande lifike kilomita 30 kwa saa linahitaji kushuka mita 3.5 hivi, lakini ili lifike kilomita 100 kwa saa lingehitaji kushuka zaidi ya mita 39, ambao ni urefu wa ghorofa kumi na zaidi. Kwa hiyo pendula hubaki kwenye mwendo mdogo, na matokeo ya mwendo mkubwa hukokotolewa kutokana nayo. Pia pendula haina paa. Haiwezi kukuonyesha nguzo ikishuka juu ya abiria. Ripoti ya pendula peke yake ni nusu ya ushahidi, ingawa ni ile nusu ngumu zaidi kuipata kwa uaminifu, na kama ningelazimika kuchagua kati ya ripoti nzuri ya pendula na ripoti ya gari halisi ya mwendo wa kilomita 100 pekee, ningeitazama ya pendula kwanza.

Bahasha ya tatu: kompyuta

Wahenga walisema usione vyaelea, vyaundwa. Video ile ya rangi inavutia, lakini kinachostahili kukaguliwa ni kilichoko chini ya maji.

Uigaji wa migongano hufanywa kwa kuligawa gari na nguzo katika vipande vidogo viitwavyo elementi, mara nyingi mamia ya maelfu, kisha kompyuta hukokotoa nguvu na msogeo wa kila kipande kwa hatua fupi mno za muda. Ufupi huo si hiari ya mtu. Mtikisiko husafiri ndani ya chuma kwa takriban mita 5000 kwa sekunde, na hatua ya hesabu haitakiwi kuwa ndefu kuliko muda ambao mtikisiko unatumia kuvuka elementi moja. Elementi ya milimita 5 hutaka hatua ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo mgongano wa theluthi moja ya sekunde hudai hatua zaidi ya laki tatu. Programu mashuhuri ya kazi hii, LS-DYNA, ina asili yake katika DYNA3D, iliyoandikwa na John Hallquist katika maabara ya Lawrence Livermore mwaka 1976.

Gari nalo ni modeli. Kituo cha uchambuzi wa migongano cha Chuo Kikuu cha George Washington kiliifungua Toyota Yaris ya mwaka 2010 kipande kwa kipande na kuitengenezea modeli ambayo tangu hapo imetumika sana kuwakilisha gari la kilo 1100. Yaris hiyo ya milango minne ndiyo iliyokuja kwetu kutoka Japani kwa jina la Belta, kwa hiyo mara hii angalau gari la kwenye karatasi linafanana na lile lililoegeshwa nje ya ofisi.

Nguvu ya uigaji ni uwezo wa kuuliza maswali ambayo hakuna atakayeyalipia kwa magari halisi. Gari likija kiubavu je? Msingi ukiwa kwenye mchanga mlegevu je? Bolti zikiwa zimekazwa mara mbili ya kipimo je? Kila swali ni usiku mmoja au mbili wa kompyuta.

Udhaifu wake ni kwamba kompyuta haijui kuvunjika. Inajua kupinda vizuri sana, lakini kuvunjika huambiwa na mtu, kwamba chuma hiki kikinyumbuka kwa asilimia hii basi kikatike. Tarakimu hiyo hubadilika hata kwa ukubwa wa elementi zenyewe, na mtu mwenye haraka ya zabuni anaweza kuisukuma kidogo hadi video ipendeze. Katika nguzo ya kawaida kosa hilo ni dogo. Katika nguzo ambayo kazi yake yote ni kukatika mahali pamoja, kosa hilo ndilo jibu lenyewe.

Kuna njia za kuukagua uigaji bila kuwa mtaalamu. Taratibu za uhakiki zilizoandaliwa chini ya mradi wa NCHRP zinataka jumla ya nishati katika hesabu isiyumbe zaidi ya asilimia 10 tangu mwanzo hadi mwisho, kwani nishati haiwezi kuzuka wala kupotea hewani. Zinataka pia ile nishati ya uongo iitwayo ya saa ya mchanga, inayotokea elementi zinapojikunja bila kuhisi mkazo wowote, isizidi asilimia 5 ya nishati ya mwanzo, na uzito ulioongezwa kwa hila ili kuharakisha hesabu nao uwe chini ya asilimia 5. Mwombe muuzaji tarakimu hizi tatu. Akikosa kuzitoa, rudisha bahasha. Akizitoa, muulize la nne, ambalo ni zito kuliko yote: uigaji huu ulilinganishwa na jaribio gani halisi la kitako hikihiki?

Kitako cha aina gani, ushahidi wa aina gani

Ushahidi mmoja hautoshi kwa kila kitako, na hapa ndipo ulinganisho unapokuwa na faida zaidi.

Kitako cha kuteleza, kilichofanyiwa utafiti Texas katika miaka ya 1960, ni mabamba mawili yaliyobanwa kwa bolti zilizokaa kwenye mianya iliyo wazi. Gari likigonga, bamba la juu huteleza na bolti hutoka. Kile cha bolti tatu huachia kutoka upande wowote, ilhali cha bolti nne zenye mianya ya upande mmoja huachia kwa mwelekeo wake tu. Hakuna kinachovunjika, isipokuwa labda kibamba chembamba kinachozuia bolti zisitembee kwa upepo. Yote yamo katika msuguano na mkazo wa bolti, mambo ambayo kompyuta huyaiga vizuri, kwa hiyo kwa kitako hiki uigaji uliolinganishwa na jaribio moja zuri ninauamini.

Viungo vya kukatika, ambavyo ni vijiti vinene vilivyochongwa kiuno na kusimamisha nguzo juu ya bolti za msingi, viko katikati. Chuma chake hujulikana, kiuno hupimika, na pendula huonyesha haraka kama makundi mawili ya viwandani yanafanana.

Boksi la alumini ya kusubu ndilo lenye matatizo. Nguvu yake hutegemea viputo vidogo vilivyobaki ndani wakati wa kusubu, ambavyo hakuna modeli inayoviona, na boksi moja laweza kupasuka kwa nguvu tofauti na jingine lililotoka tanuri hilohilo. Kwa boksi hili video ya kompyuta haina uzito wowote machoni pangu. Ninataka pendula, tena ya vielelezo kadhaa. Halafu kuna jambo ambalo mwongozo wa Marekani hauligusi: alumini ina wateja. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu mwaka 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, na sioni kwa nini boksi la alumini lililo kimo cha goti, kando ya barabara isiyo na nyumba, lisalimike.

Chumvi, mchanga na tuktuk

Ushahidi wa kigeni ukishafika Malindi hukutana na mambo matatu.

La kwanza ni kutu. Kitako cha kuteleza kinategemea mabamba yasigandane, na hewa ya chumvi hufanya kazi mchana na usiku ili yagandane. Chuma kilichochovywa zinki huchelewesha tatizo hili bila kuliondoa. Hapa uigaji una faida ambayo bahasha nyingine hazina, kwa kuwa unaweza kuongeza msuguano kidogo kidogo hadi ujue ni wapi kasi ya abiria inapovuka mita 4.9 kwa sekunde, na muuzaji anayeweza kukuonyesha mpaka huo amekufanyia kazi ya maana.

La pili ni mchanga. Msingi mfupi katika mchanga wa matuta huinama unapogongwa, nguzo nayo ikalala kidogo kabla kitako hakijahisi nguvu ya kutosha ya kukitelezesha, na nishati inayopotea hapo hutolewa kwenye zile kilojuli 32. Penye mwamba wa matumbawe shida hii haipo. Kwa hiyo mhandisi apime kwanza ardhi ya kipande chote, maana hapa petu mchanga na mwamba hupokezana ndani ya mita mia chache.

La tatu ni tuktuk, ambayo haimo katika mwongozo wowote nilioutaja. Tuchukulie tuktuk yenye abiria ina kilo 600 na inakwenda kilomita 40 kwa saa. Ina kilojuli 37. Ikikutana na kitako kinachokula kilojuli 32 zote zinazoruhusiwa, itapoteza takriban mita 7 kwa sekunde, mbali juu ya kikomo, na abiria wake hawana hata mkanda. Hii ina maana kwamba kwa barabara zetu nguzo iliyopita kwa kukaribia 4.9 haitoshi, tafuta iliyo chini ya 3. Kuhusu boda boda, niseme wazi kwamba hakuna kitako kati ya hivi kinachomsaidia mpanda pikipiki, kwa kuwa uzito wa mwili wa mtu hauwezi kukikata. Kinachomsaidia ni nguzo kusimama mbali na lami.

Ndani ya mji, kwenye stendi za matatu na nje ya shule, nguzo inayokatika na kuanguka ni hatari kwa waliosimama kando, na huko kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Hapo afadhali nguzo za Ulaya zilizo daraja la HE, zinazopinda na kulimeza gari hadi lisimame badala ya kuliachia. Kipindo cha bamba jembamba ni jambo ambalo kompyuta hulikokotoa vizuri kuliko kuvunjika, kwa hiyo kwa nguzo hizo ningekuwa mpole zaidi kwa bahasha ya tatu.

Ningechagua ipi

Kwa kipande cha nje ya mji ningechagua kitako cha kuteleza chenye bolti tatu, au viungo vya kukatika pale ambapo bajeti inaruhusu vipuri kuagizwa na kuwekwa akiba. Ningetaka jaribio la gari halisi kwa miendo yote miwili, au pendula kwa mwendo mdogo pamoja na gari halisi kwa mwendo mkubwa, na juu yake uigaji uliolinganishwa na majaribio hayo, unaojibu kuhusu kutu, mchanga na gari jepesi. Bahasha yenye uigaji peke yake ningeikubali kwa mabadiliko madogo tu ya nguzo iliyokwisha kujaribiwa, kama kuongeza nusu mita ya urefu au kubadili umbo la mkono. Kwa utaratibu mpya wa kukatika ningeikataa, hata ikiwa nusu ya bei.

Kisha ningeandika ndani ya mkataba kwamba kila fundi atakayegusa bolti hizo awe na spana ya kupimia mkazo, na kwamba kipimo kilichotumika siku ya jaribio kibandikwe ndani ya mlango wa kila nguzo, kwa sababu kijana mwenye nia njema na bomba refu la kuongezea mkono wa spana anaweza kuzifuta ripoti zote tatu asubuhi moja.